Muuza Viungo Aliyekuwa Kiungo

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Bungoma nikaambiwa kwamba muuza viungo wa karibu na msikiti amefariki, na kwamba atazikwa alasiri hiyo hiyo. Nilitoka Kitale hata chai sijanywa. Wengi wenu hamkumjua. Walionunua kwake iliki na bizari walimwona mzee mpole anayechechemea, basi.

Ujanani aliichezea timu moja ya Kitale. Alikuwa kiungo, yule mchezaji wa katikati anayepokea mpira kwa mabeki na kuufikisha mbele, na kazi hiyo aliifanya bila makeke. Kisha siku moja, katika mechi ya kawaida tu, beki mmoja kutoka Ndalu alimkanyaga gotini. Nilikuwepo. Hospitalini daktari akamwambia, "Kiungo kimeharibika. Utatembea, lakini mpira usahau." Aliwahi kuniambia kwamba kwa muda mrefu hakutaka kulisikia neno hilo, kwa kuwa daktari alilitumia kumnyang'anya kazi aliyopewa na kocha kwa neno lilo hilo.

Mjomba wake alipozeeka, alimwachia duka Bungoma. Siku moja ya soko nilikuwa nimeketi naye pale, mara akaingia mkulima amebeba gunia la tangawizi, anatafuta mnunuzi. Alikuwa yule beki. Alipomtambua mwenye duka, alilishusha gunia akaanza kurudi nyuma.

"Si uingie," marehemu akasema.

"Bana, ile siku sikutaka kukuumiza. Nilikuja mpaka hospitali, nikaogopa kuingia."

"Nilikuona dirishani."

"Ati uliniona?"

"Nilikuona ukigeuka. Hiyo iliniuma kuliko goti."

Marehemu akalifungua gunia. Kisha akaipapasa tangawizi. "Hii umelima mwenyewe?"

"Ni ya shamba langu."

"Basi uwe unaniletea."

Akawa anamletea, miaka nenda miaka rudi. Mke wa beki alipolazwa Bungoma, chakula chake kilipikwa nyumbani kwa marehemu. Watoto wa marehemu walikua wakimwita mkulima huyo baba mdogo, ingawa baba yao alikwenda msikitini na yeye kanisani. Juzi makaburini nilimwona ameshika jembe, anafukia pamoja na ndugu wa marehemu, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.

Nimeifungua kamusi tangu hapo. Kiungo cha mwili, kiungo cha mchuzi, kiungo wa mpira: kila fani imejichukulia maana yake. Marehemu aliishi na zote, na moja ilimtesa. Ila nikiwakumbuka wawili wale dukani, naona kwamba urafiki wao ulianza kwa sababu aliyeumia ndiye aliyetangulia kusema. Sisi huwa tunangoja aliyetukosea aje mwenyewe, tukidhani ni kiburi kinachomzuia. Mara nyingi ni woga tu, na tukingoja uishe, tutazikana kabla hatujasemezana.