Jogoo Niliyemwonyesha Mkwe

Nilianza kufuga kuku wa maonyesho na jogoo mmoja wa aina ya kuchi na matetea wawili, uani kwangu Ngokolo. Jogoo yule alikuwa mrefu, ana kifua kipana na miguu ya manjano isiyo na kovu. Kila asubuhi niliipaka mafuta ya alizeti. Nilikuwa namwandaa kwa maonyesho ya Nanenane.

Siku moja baba mkwe akaja kutoka Didia kutusalimia. Siku zote aliniona mtu wa kupoteza muda, basi kiherehere kikanishika. Nikamkamata jogoo, nikampelekea pale alipokaa, nikamwinua kwa mikono miwili. Nilitaka anisifu tu, hata mara moja.

Mzee akampokea, akampima uzito, akatabasamu.

"Asante sana, mwanangu. Leo umeniheshimu."

Hapo ndipo akili ikanirudia. Kwetu mgeni huonyeshwa kuku akiwa hai kabla hajachinjwa, na akishashukuru, imekwisha. Nikamtazama mke wangu anisaidie. Alikuwa ameshabandika maji ya kunyonyolea.

Ningesema nini? Kwamba baba mkwe si mtu wa kuchinjiwa jogoo? Nikachukua kisu mwenyewe.

Nyama ilikuwa ngumu, tukaisubiri mpaka jioni. Mzee alipopewa firigisi yake aliikata katikati, akanipa nusu kwa mkono wake. Nikatafuna, nikashukuru.

Wakati wa kuaga alisimama uani akiwatazama matetea.

"Hawa watunze," akasema. "Nikirudi, nakuja na mama yenu."