Jiwe la Lurujo na Ramani Iliyobaki Koboko

Kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa kuchunguza mawe ya mchanga ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kuona kama yangeweza kuhifadhi mafuta ya petroli. Wengi walidhani mafuta hukaa chini ya ardhi kama ziwa. Hukaa ndani ya vitundu vidogo mno, kati ya chembe za mchanga. Vitundu vikiwa vingi na vimeungana, jiwe linafaa. Vikiziba, hakuna kitu. Bonde la Nile la huko lilikuwa halijachunguzwa vizuri, na jambo hilo lilinifurahisha mpaka nilipofika Arua nikaona watu wanavyonyamaza gari la jeshi likipita. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, wakati wa utawala wa kijeshi.

Dereva wangu alikuwa Mnubi, mtu mzima, mzaliwa wa Koboko, mji wa karibu na mpaka. Kwa wiki kadhaa tulishinda kwenye miteremko ya kuelekea Mto Nile, nikivunja mawe, nikiyapa namba na kuziandika kwenye ramani. Kazi ilipokwisha aliniomba tupite Koboko akamsalimie dada yake. Kwenye kizuizi askari walifungua magunia, wakakuta mawe yenye namba na ramani yenye alama. Wakatupeleka kwa mkubwa wao.

Nilijiandaa kuitwa jasusi. Badala yake ofisa alisoma kibali changu cha kazi, akatoa jiwe kwenye droo.

"Hii natoka Lurujo, kwa shamba ya baba yangu," alisema. "Wewe mutu ya mafuta. Sema, mafuta iko?"

Nililitazama kwa lenzi. Chembe zilikuwa zimebanwa zikashikana, zinang'aa kama kioo. Jibu nililijua. Ofisa alipogeuka kumwita askari, dereva alininong'oneza, "Kijana yangu, sema iko. Tutoke hapa."

Nilitamani kusema hivyo. Lakini niliiogopa zaidi siku atakayochimba kwa neno langu, akakuta mwamba mtupu.

Nikaomba maji. Nilichukua jiwe langu moja kutoka guniani, nikadondosha tone juu yake na jingine juu ya lake. Kwenye langu tone lilizama mara moja. Kwenye lake lilibaki juu, limejikusanya.

"Afande, hili limeziba. Maji hayaingii, na mafuta hayawezi kuingia."

Alilifuta kwa mkono wa shati, akadondosha mwenyewe. Mara tatu. Nilisikia dereva akipumua nyuma yangu.

"Basi ya mimi ni jiwe tu."

"Ni zuri la kujengea, afande."

Hakucheka. Aliikunja ramani yangu, akaifungia kwenye droo. "Nyinyi kwenda. Hii nabaki."

Tulibeba magunia, tukaondoka. Kwa dada wa dereva hatukupita. Katikati ya njia ya kurudi Arua dereva alisimamisha gari, akanawa uso kwa maji ya dumu. "Leo karibu uniue," alisema, bila hasira.

Ramani niliichora upya kwa daftari langu na kumbukumbu yake; kila kona tuliyosimama aliijua. Niliandika kwamba mawe ya bondeni yanaweza kuhifadhi mafuta, ila sikujua kama mafuta yaliwahi kufika humo. Ripoti ilipokelewa makao makuu ya idara yetu, Entebbe, na hakuna aliyeniuliza neno. Lakini ramani yenye alama zangu ilikuwa bado kwenye droo ya Koboko, na hata miezi mingi baadaye, kila gari liliposimama nje ya nyumba yangu, niliacha nilichokuwa nikifanya na kusikiliza kama ni mlango wangu utakaogongwa.