Ziwa Linalohamisha Watu

Juzi, ofisini Wete, nilisimama nyuma ya mchumaji karafuu mmoja kutoka bara. Alitaka ruhusa ya safari awahi arubaini ya mama yake.

"Kwenu nchi gani?" aliuliza karani.

"Ukingoni mwa Ziwa Jipe, bwana. Mto unaoliingia ukijaa, maji hutusukuma mpaka Kenya. Yakipungua, twarudi Tanganyika."

"Kama ni Kenya, utangoja jibu kutoka Unguja."

"Arubaini ni Ijumaa, bwana!"

Karani alifikiri, akatoa mkono dirishani, akaurudisha mkavu. "Hakuna mvua," alisema kwa uzito. "Mko Tanganyika."

"Lakini huu ni ukavu wa Wete…"

Nilimfinya mgongoni, akanyamaza. Muhuri ukapigwa.

"Na nikifika nikakuta maji yamejaa?"

"Vua viatu," alijibu karani.

Mimi nimefiwa na mke mwaka huu nikiwa mbali, najua uchungu wa kukosa maziko. Jioni ile msikitini imamu alituombea mvua, maana mihogo inakauka. Niliitikia amini pamoja na wenzangu, ila kwa sauti ndogo sana.