Udongo wa Kaburi Nilioumwaga

Juma lililopita, katika ghala letu pale Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, gunia lilipasuka likiwa juu ya forklift. Lilikuwa gunia la udongo wa bustani, ule mweusi unaotoka Kanada, ambao watu wa hoteli huununua kwa ajili ya maua yao. Harufu ikajaa ghala zima: ubichi, majani yaliyooza, mvua. Sisi wa Dubai hatuna harufu hiyo. Mchanga wetu hunuka joto tu, na ikinyesha, kinachonuka ni barabara. Nikasimama na karatasi zangu mkononi, machozi yananitoka. Wanjiru, Mkenya ninayefanya naye kazi, akanishangaa. "Rukia, kwani ni nini? Si ni soil tu? Ama uko na allergy?" Nikamwambia ndiyo, ni allergy. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kuhusu udongo. Wa kwanza ndio ninaotaka kuwasimulia, na nawaomba msinihurumie kabla sijamaliza.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama yangu, Bi Zuhura, alikuwa akipika na kusafisha kwa Madam Odile, mjane wa Kifaransa aliyekaa ghorofa ya kumi na tisa katika mmoja wa minara ya Jumeirah Lake Towers. Basi la shule lilinishusha chini ya mnara, nami nikapanda juu kumsubiri Mama amalize kazi. Nilifanya hesabu zangu kwenye meza ya jikoni huku nikisikia vikombe vikigongana sebuleni, maana kila saa kumi alasiri Madam alikuwa na mgeni wake asiyekosa, Mzee Gordon.

Mzee Gordon alikuwa mkulima wa ngano kutoka Kanada. Kila majira ya baridi aliikimbia theluji ya kwao, akaja kukaa na binti yake mlango wa pili. Walijuana na Madam ndani ya lifti. Madam aliposikia kwamba ni Mkanada, alimshika mkono asitake kuuachia. Kijijini kwao, huko Normandi, wamelala askari wengi wa Kanada waliokufa vitani wakiwakomboa Wafaransa, na kila mtoto wa shule alikabidhiwa kaburi lake: alipalilie, alipelekee maua, alijue jina la mwenyewe. Madam alilitunza la kwake tangu ana miaka saba hadi alipoolewa. Na katika makaburi hayohayo, safu nyingine, ndipo alipozikwa kaka yake Mzee Gordon.

Basi wakawa marafiki, lakini kutwa kutaniana. Mzee alimcheka Madam kwamba babu zake waliipigania Kanada wakashindwa na Waingereza. Madam akajibu kwamba hawakushindwa, waliiacha kwa sababu ya baridi. Mimi niliogopa watagombana. Mama akanicheka huku anakatakata vitunguu. "Hao ni watani, mwanangu. Watani hutukanana mchana na huzikana wakifa. Hawa washazikana."

Mzee Gordon hakuwahi kulizuru kaburi la kaka yake. Kwanza mavuno hayakumpa nafasi, kisha, alivyosema mwenyewe, woga. Kaka aliondoka akiwa kijana wa miaka ishirini, yeye akiwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Angekwenda kumwambia nini mbele ya jiwe? Lakini mama yao alikufa akiuliza kama mwanawe amelala pazuri, kama udongo wa huko ni mwema. Ndipo msimu mmoja, kabla hajarudi kwao, akamwomba Madam jambo moja. Akienda Ufaransa kiangazi, amchotee udongo kidogo wa kaburi lile, naye Mzee aupeleke kwao akaumwage juu ya kaburi la mama yao. Madam aliitikia kwa kichwa, akapokea na barua ambayo Mzee alimwandikia kaka yake, akaisome pale kaburini.

Na kweli alikwenda. Alirudi na udongo ule ndani ya chupa ya jamu, mweusi na mzito, akauweka kwenye kabati la jikoni kumsubiri Mzee aje. Mama akanionya, "Chupa ile usiiguse. Ni udongo wa kaburini, amana ya watu."

Laiti angesema ni mbolea! Bibi yangu, mama yake Mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja, na Bibi alikuwa na habari zote za udongo wa kaburini: nani alizikiwa mlangoni, nani akakonda, nani ndoa yake ilivunjika. Nilipomsimulia ya chupa ile, aliacha hata kutafuna tambuu. "Hebu! Udongo wa kaburini haulali nyumba moja na watu walio hai, mjukuu wangu. Utamla mtu huo." Ikasadifu kwamba wiki ileile Mama akashikwa na homa na kikohozi kisichomwachia. Dubai nzima ilikuwa ikikohoa wakati ule kwa ajili ya viyoyozi, lakini mimi sikuwa mtoto wa Dubai nzima. Niliona Mama anashika ukuta akipanga vyombo, nikajua kinachomla.

Siku ya tatu nilisubiri aingie chooni kufua. Nikaificha chupa ndani ya begi la shule, nikateremka mpaka kwenye lile ziwa la kuchimbwa lililo kati ya minara. Nikasoma Ayatul Kursi, nikakosea katikati, nikaianza upya ili isije ikawa nusu kinga. Kisha nikaumwaga wote majini. Ulizama polepole, ukaacha wingu la kahawia, na harufu yake ikanipanda puani. Kesho yake homa ya Mama ikashuka. Nilijiona shujaa, nikala chapati nne.

Ushujaa ulidumu mpaka Madam alipotangaza kwamba Mzee Gordon anafika wiki ijayo. Ndipo nilipolielewa onyo la Mama: Madam akiitafuta chupa ikakosekana, wa kuulizwa ni yeye, na kazi yake ndiyo ingekuwa imekwisha. Ijumaa Baba alinichukua karakanani kwake Ras Al Khor. Nikachota mchanga nyuma ya magari mabovu, nikauchekecha kwa kichujio cha chai. Ulikuwa mweupe mno. Nikachanganya makapi ya chai niliyoyaanika juani, mpaka rangi ikanipendeza. Jumamosi chupa ileile ilikuwa imerudi kabatini, imejaa, na mfuniko umefutwa vizuri.

Siku ya kukabidhiana, Mama aliitwa sebuleni ashuhudie, nami nikajibanza nyuma ya kanga yake. Madam alivaa gauni la bluu na kiua kifuani. Aliishika chupa kwa mikono miwili. Mzee Gordon akaifungua, akajimwagia kidogo kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, akaunusa. Akaunusa tena. Kisha akamtazama Madam, akaurudisha udongo chupani mpaka punje ya mwisho, akasema, "Asante, Odile." Mama alifuta machozi. Mimi nilishusha pumzi, nikajisemea, khalas, yamekwisha.

Kesho yake saa kumi hakuja. Wala keshokutwa. Binti yake alisema mzee amechoka na safari. Madam alimpelekea keki, ikapokelewa mlangoni. Wiki mbili baadaye Mzee Gordon alirudi Kanada kabla ya wakati wake, akaaga kwa kupungia mkono kutoka ndani ya lifti, na hakuja tena Dubai. Siku nyingi Madam alitandika vikombe viwili, kisha akaketi peke yake. Alimwuliza Mama, "Zuhura, nimemkosea nini?" Mama akamjibu kwamba wazee hubadilika, madam, usijali. Mimi nilikuwa mezani na hesabu zangu. Niliendelea kugawanya.

Miaka tisa baadaye Bibi alifariki Unguja. Pasi ya Mama ilikuwa kwa kafeel, mdhamini wake wa kazi, ikingojea viza mpya, na alipoipata Bibi alikuwa ameshazikwa siku sita. Mama alikaa sakafuni akisema neno lilelile: "Mama yangu kazikwa, na udongo wake sikuushika." Nilimkumbatia, na palepale nikamkumbuka yule mama wa Kanada, aliyekufa akiuliza. Nilijua basi nilichomnyima. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba hata hivyo Mzee alimwaga kitu pale kaburini, akapata utulivu wake, na nikimwambia ukweli nitamnyang'anya.

Hayo niliyaamini mpaka juma lililopita. Gunia lilipokwisha kuzolewa, alikuja mnunuzi, Mpakistani anayetunza bustani za hoteli. Aliuchota ule udongo, akausugua kwa kidole gumba, akaunusa, akatema jibu kabla sijafungua kalamu: huu umekaa, si wa msimu huu. Nikamtazama mkono. Mzee Gordon alikuwa amelima miaka sitini. Hakudanganyika hata dakika moja. Aliushika mchanga wa Ras Al Khor na makapi yangu ya chai, akajua kwamba si udongo wa kaburi lolote la Normandi, na akaamini kwamba rafiki yake Mfaransa hakujisumbua kwenda. Akamstahi. Akasema asante.

Jioni ile nilimpigia Madam Odile kijijini kwao Normandi, alikorudi kuishi. Ana miaka themanini na sita, lakini sauti bado ni yake. Nilimweleza yote, la ziwa, la karakana, la chai. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo aliamini kwamba sikwenda?"

"Ndiyo, Madam."

"Nilipiga magoti pale na goti langu bovu," akasema. "Nilimsomea barua ya mdogo wake, yote, kwa sauti."

Nikalia, nikamwomba radhi. Nikamwambia kwamba nilikuwa mtoto, nilidhani namwokoa mama yangu, na kwamba nitamtafuta Mzee Gordon, au kaburi lake, nimwambie.

"Najua ulikuwa mtoto," akasema, bila ukali wowote, na hilo ndilo linaloniuma. "Mtoto simlaumu. Lakini Gordon alifariki miaka minne tu iliyopita. Binti yake aliniandikia. Wewe wakati huo ulikuwa na miaka mingapi?"

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Namba ya simu ya Madam nilikuwa nayo.