Deki ya Baba na Magunia ya Salfa

Nimerudi kutoka Newala wiki iliyopita na hasira haijaniisha, kwa hiyo nivumilie. Baba alinipigia simu niende kumsaidia kutoa vitu sebuleni, mafundi wanataka kubadilisha bati. Nyuma ya kabati nikakuta boksi. Ndani ni deki ya sidii, ileile, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha bibi, na kijitabu chake cha maelekezo kimebanwa ubavuni. Nilikaa sakafuni nikakisoma chote, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuchemka.

Deki yenyewe baba aliinunua Masasi mwaka korosho zilipouzwa vizuri, mimi nikiwa darasa la sita. Rangi ya fedha, pana kama sinia. Ukibonyeza kitufe inatoa ulimi taratibu, unaweka sidii, inaimeza. Mtaa mzima hapakuwa na nyingine. Jumapili baada ya kanisa watu walivua viatu mlangoni wakakaa mikekani, mama akipitisha ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chumvi yenye pilipili, na jirani yetu, mama mmoja mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, akidai sauti iongezwe. Bibi hakujua kusoma, lakini namba nne aliijua. Ikitokea nne kwenye kioo ni wimbo wake wa kwaya, na hapo hakuna ruhusa ya mtu kukohoa. Ukiisha anasema, "Urudishe huo."

Mrudishaji nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekisoma kijitabu, kamusi ya mwalimu mapajani. Nilijua volti zake, 220 hadi 240. Nilijua kwamba inatoa sauti za herzi 20 hadi 20,000, na niliwaambia wenzangu kwamba sikio la mtu nalo linaishia hapohapo, wakanicheka wiki nzima. Nilikipenda kile kitu, nasema wazi. Hakuna nilichokitaka duniani kama kujua ndani yake mna nini.

Sasa, kama umekulia huku kwetu unaijua salfa, ule unga wa njano tunaoipulizia mikorosho isishikwe na ubwiri, ule ugonjwa unaokausha maua. Magunia ya salfa hayalali nje. Yataibwa, au yatalowa kwa ukungu wa Juni. Yanalala kwenye chumba chenye kufuli, na kwetu kufuli lilikuwa sebuleni, kwa ajili ya deki hiyohiyo. Yakapangwa ukutani, hatua mbili kutoka ilipo. Baba anarudi shambani nyusi za njano, anaitua mashine ya kupulizia palepale, anajikung'uta palepale. Mimi asubuhi nafuta meza kwa kanga kavu, maana maji ya kisimani yalikuwa ya kunywa na kupikia tu, na unga unahama kutoka mezani unakwenda hewani.

Kijitabu kilisema mashine isiwekwe penye vumbi. Nilimwambia baba, kwa adabu zote, Jumapili moja watu wakiwepo. Akacheka. "Kitabu hicho wameandika watu wasiolima korosho," akasema, na sebule nzima ikacheka naye.

Asubuhi moja ya Julai bibi aliomba namba nne. Nikabonyeza. Ulimi ukaingia, sidii ikazunguka, ikasita, kisha kioo kikaandika kwamba hakuna sidii. Nikaitoa, nikaifuta, nikairudisha. Hakuna sidii. Baba akaingia, wala hakuuliza deki ina nini. Aliuliza, "Nani kagusa?"

Nilichapwa. Fimbo za utoto nimezisamehe zote. Kilichonikaa moyoni ni Jumapili iliyofuata, baba anawapokea watu mlangoni kabla hawajavua viatu: "Rudini tu, huyu binti kaiua." Akaja fundi kutoka Ndanda, akaifungua, akazungumza na baba uani kwa sauti ya chini, akaenda zake. Deki ikaingia boksini. Tangu hapo nikawa na mkono mbaya. Saa ya ukutani ikisimama, mkono wangu. Taa ikiungua, mkono wangu. Nilipomaliza shule, mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe kumwambia baba kwamba nafasi ya kusomea ufundi wa umeme imepatikana, niende. Baba akamjibu, "Mwalimu, huyu? Deki ya nyumbani tu imemshinda." Nikapelekwa kwa shangazi Tandahimba kwenye cherehani, na hadi leo nashona sare za watoto wa watu. Cherehani haijanikosea kitu. Lakini sikuichagua.

Basi wiki iliyopita, pale sakafuni, nikafika ukurasa wa matatizo. Safu tatu: tatizo, sababu, la kufanya. Deki haisomi sidii. Sababu: lenzi ina vumbi au unyevu. La kufanya: safisha lenzi, acha ikauke. Ile safu ya sababu niliisoma mara mbili. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba binti amegusa.

Nikatoa bisibisi yangu ya cherehani, nikanunua spiriti na pamba duka la dawa. Ndani kulikuwa na unjano kila kona. Lenzi ni kidude kidogo kama punje ya mbaazi, nacho kimevaa utando wa njano. Nikakifuta, pamba ikatoka ya njano, nikafuta tena hadi ikatoka nyeupe. Sidii ya kwaya ilikuwa bado tumboni mwake. Nikachomeka waya. Ikazunguka, ikasita, ikaimba.

Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Ilikuwa salfa," nikamwambia.

"Najua. Fundi aliniambia siku ileile alipoifungua."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulijua? Sasa kwa nini hukusema, baba?"

Akatazama mikono yake, akaniita kwa jina la mwanangu. "Mama Zuhura, watu wote walikuwa wameshasikia kwamba ni wewe. Ingepona, wangeuliza ilikuwa na nini."

Ningeweza kuibeba ile deki nikaipiga ukutani. Wakati huohuo yule jirani akaingia na mkongojo wake kutazama vyombo vinavyotolewa. Kicheko kimemwisha, na masikio nayo yamekwisha, lakini taa za kijani aliziona.

"Loo! Imepona! Nani kaitengeneza?"

"Mimi," nikamwambia kwa sauti kubwa. "Shikamoo, mama. Na baba anataka kukwambia nani aliiharibu."

Baba akasema ni yeye, chinichini.

"Eti?" Jirani akatega sikio.

"Sema tena, baba," nikasema. "Hasikii."

Akasema tena, mara hii kwa sauti. Kwaya ilikuwa imefika namba nne. Wimbo ulipoisha nikaurudisha, ingawa mwenye kuomba urudishwe amelala nyuma ya mikorosho, na alikufa akiamini kwamba aliyemnyima wimbo wake ni mimi.