Mikono Themanini ya Kushoto

Mdogo wangu ni mkataji. Katika karakana ya mjomba, tunakoshona sare za shule, watu tisa tunakaa kwenye cherehani na mmoja tu husimama mezani na mkasi, naye ni yeye. Akikosea yeye, sote tisa tumekosea. Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie ningoje zipoe. Nyumbani kwetu tumezificha mno, na utaona zilitufikisha wapi.

Walimwita Kiberiti tangu akiwa na miaka kumi na tatu. Rafiki akichelewa kuja kumwona, dunia imekwisha. Asubuhi wewe ni malaika, jioni wewe ni adui uliyezaliwa kumtesa, na kisa ni kwamba uliitikia salamu yake kwa kuguna kwa kuwa ulikuwa na pini mdomoni. Alichumbiwa mara mbili, na mara zote mbili akavunja uchumba mwenyewe kabla hajaachwa. Shangazi alisema ana kiburi. Jirani alisema ni mapepo. Mama alisema atakua. Mimi nilisema anajidekeza, tena nilisema kwa sauti kuliko wote, naye akiwa chumba cha pili. Mpaka siku tuliyomkimbiza hospitali, mkono aliojikata umefungwa taulo, ndipo mtu akaona haja ya kuuliza ana nini.

Daktari akatuambia ni tatizo la haiba, la aina inayoitwa ya mpakani. Mpaka gani, hakufafanua, na mjomba aliniuliza tukiwa njiani kama mgonjwa atahitaji pasipoti. Lakini mengine daktari aliyaeleza vizuri. Hisia zake huwaka haraka kuliko zetu, huwaka kwa ukali zaidi, na huchelewa kuzima. Chini ya yote iko hofu ya kuachwa, na hofu hiyo si maigizo. Kidonge cha kuondoa tatizo lenyewe hakuna. Tiba ni mazungumzo na mazoezi katika kikundi, kila Jumatano, mwaka mzima na zaidi: kuitaja hisia kwa jina, kuzamisha uso kwenye maji baridi inapopanda, kungoja kabla ya kutenda. Wengi hupata nafuu, alisema. Hilo halikuwahi kusemwa na mtu yeyote nyumbani kwetu.

Akaenda. Miezi kumi na moja hakukosa Jumatano hata moja, mvua inyeshe isinyeshe. Majeraha yakakauka, na mapya hayakuja. Sisi je? Sisi tulikubaliana, nami nikiwa kinara, kwamba asiudhiwe. Alichosema ni sawa. Alichokata ni kizuri. Akinuna, cherehani tisa zinanyamaza. Mshauri wake alituita siku moja, akatuonya tusimdanganye, kwa sababu anajifunza upya kuyaamini macho yake mwenyewe. Niliitikia kwa adabu zote, kisha nikarudi kazini kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwezi uliopita tulipata oda ya mashati arobaini. Kitambaa kina uso na mgongo, kwa hiyo mkataji hutandaza tabaka zikitazamana, ili kila mkono wa kulia upate mwenzake wa kushoto. Siku hiyo alizitandaza zote uso juu. Ikatoka mikono themanini, yote ya kushoto. Niliyegundua ni mimi, nilipokuwa naunga shati la kwanza. Ni kosa la kawaida, na mjomba mwenyewe amelifanya mara mbili ninazozijua. Ilitosha kumwambia. Badala yake nilimnong'oneza mjomba, naye akakata mikono arobaini ya kulia wakati mdogo wangu ametoka kula. Ile arobaini iliyozidi nikaificha kwenye gunia, chini ya meza ya pasi. Kesho yake nikamsifu mbele ya watu kwa kazi safi. Kilemba cha ukoka nilimvika mimi, dada yake wa tumbo moja.

Jumanne hii alikuwa anatafuta vitambaa vya kufutia mashine, akalivuta lile gunia. Mkataji hahitaji kuelezwa. Aliimwaga mikono yote sakafuni akauliza nani anajua habari hii. Watu wanane wakaangalia sindano zao. Nikasema najua mimi.

Sitaandika yote aliyoyasema. Alisema tunamwona kichaa. Alisema tunangoja afe tupumzike, na kwamba laiti angejua mapema kuwa hana dada. Chaki ikapasukia ukutani karibu na sikio langu. Kisha akaingia chumba cha kunawia, akapiga komeo, na nilipogeuka mezani mkasi wake haukuwepo.

Sijui nilifikaje mlangoni. Mjomba alikuwa nyuma yangu akitaka kuuvunja. Ndipo nikakanyaga kitu: mkasi, umelala chini nje ya mlango, umefungwa kwa kamba yake usifunguke. Alikuwa ameuacha nje kabla ya kujifungia. Ndani bomba lilikuwa likitiririka. Nikamzuia mjomba. Tulisimama pale tukiyasikiliza maji, na hasira zangu nyingi zilikuwa juu yangu mwenyewe.

Alitoka uso unachuruzika, kola imelowa.

"Nilikata vibaya?" akauliza.

"Ndiyo. Ulitandaza uso juu. Mikono themanini, yote ya kushoto."

"Sema tena."

"Ulikata vibaya, mdogo wangu."

Niliona hasira inavyompanda, shingo mpaka paji la uso. Akafumba macho, akapumua, akafumbua.

"Kule Jumatano niliwaambia mkono wangu umetulia," akasema. "Niliwaambia kwa sababu wewe ulinisifu."

Akaniuliza kama nimemkasirikia. Kwa miaka yote swali hilo nililijibu kwa hapana, tena kwa tabasamu, naye hakuniamini hata siku moja.

"Ndiyo," nikasema. "Sana. Tangu siku ya taulo."

"Utaniacha?"

"Hapana."

Alinitazama kama anavyokikagua kitambaa kabla ya kukikata. Kisha akapiga magoti, akaanza kuiokota ile mikono.

"Basi kasirika hapa hapa," akasema.