Mistari ya Msumari Ukutani kwa Bibi

Nilipofika, fundi alikuwa ameshakwangua kuta tatu. Baba mdogo alinipigia simu wiki ile kuniambia kwamba nyumba ya bibi pale Sumbawanga inapigwa plasta ya saruji, na kama nina kitu changu humo ndani nije nikichukue kabla mambo hayajaharibika. Nikapanda basi kutoka Mpanda nikijua fika kwamba sina kitu. Nilikuta magunia ya mahindi yametolewa uani, kabati limetolewa, na fundi amesimama mbele ya ukuta wa nne, ule ulio nyuma ya mlango, kofia ya sufu ameivuta hadi masikioni kwa baridi.

“Dada,” akaniuliza, “hii mistari yote ni ya nini? Mlikuwa mnahesabu magunia?”

Nikamwambia ni ya mpira. Akacheka, akadhani namtania. Nikamwomba asubiri kidogo, akatoka kwenda kunywa chai, nami nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikabaki natazama.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana wewe hunicheki. Mimi ni mtu mzima, mama wa watoto wawili, na bado nacheza gemu. Nimecheza tangu nikiwa na miaka kumi, na katika jambo hili nina maneno mengi kuliko mganga wa kienyeji. Mwanangu wa kwanza huniletea simu, anasema, “Mama, hebu jaribu hili,” halafu anakaa kungoja nilikosoe. Nami nalikosoa kweli. Haya gemu ya siku hizi ya kupanga peremende siyawezi. Ukibonyeza kimoja tu, maua yanamwagika, makofi yanapigwa, unaambiwa wewe ni hodari. Hodari wa nini, jamani? Hujafanya chochote! Na lile lake la vita, la kushindana na watu kwa mtandao, nililichunguza siku tatu nikagundua kwamba wale wapinzani wa mwanzo si watu. Ni mashine inayojifanya watu, imewekwa pale usivunjike moyo, ushinde uone utamu, usiondoke. Nilikasirika mpaka mtoto akaninyang’anya simu yake.

Mume wangu husema nachukulia mchezo kama msiba. Hajui, na sijawahi kumweleza, lakini kasema kweli.

Gemu la kwanza maishani mwangu lilikuwa la nyoka, kwenye simu ya tochi ya baba mdogo. Hilo naliheshimu hadi leo. Nyoka anakula, anarefuka, na akifa amejigonga mwenyewe. Hakuna wa kumlaumu. Baadaye kukaja kile kigemu cha mkononi cha kupanga matofali, kilichoandikwa kwenye boksi kwamba kina gemu elfu tisa na kitu ndani yake. Uongo mtupu! Mimi na kaka yangu tulikaa likizo nzima tukiyafungua moja moja, tukakuta ni yale yale manane, yanabadilishwa mwendo tu. Lakini matofali yenyewe yalikuwa mazuri, na betri zikiisha nguvu tulizianika juani juu ya ungo, pembeni ya maharage ya bibi, zikapata uhai kidogo.

Kaka alinizidi miaka mitatu. Tulilelewa kwa bibi, kwa sababu baba na mama walikuwa wakifanya kazi Matai na shule nzuri ilikuwa mjini. Alikuwa winga wa timu ya shule, yule wa kulia, mwembamba, mwenye mbio za kuudhi. Uwanja wetu ulikuwa juu kabisa, mahali ambapo upepo wa Ufipa unavuma utadhani una ugomvi na watu, na ukipiga kona mpira unaweza kukurudia. Kaka alijua kuutumia upepo ule. Siku moja katikati ya mechi alikaa chini, akashika kifua, na watoto wote tukadhani anapoteza muda makusudi kwa sababu timu yake ilikuwa inaongoza. Hata mwalimu wa michezo alimpigia kelele ainuke. Hakuinuka.

Hospitali wakasema ni moyo. Asikimbie tena, asibebe ndoo, asilime.

Baada ya miezi michache baba mdogo, aliyekuwa dereva wa malori ya kwenda Tunduma, akaja na boksi limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu iliyokwisha kutumika, pedi mbili za kuchezea, na sidii tatu zilizochubuka. Pedi moja ilikuwa na kitufe kilichozama, mara nyingine ukikibonyeza hakirudi mpaka ukikwangue kwa ukucha. Tuliwekeana zamu, mechi moja wewe, mechi moja mimi. Tuliiunganisha kwenye televisheni ya bibi, ile yenye mgongo mkubwa, katika chumba hicho hicho nilichokaa na ndoo yangu.

Sidii ya kwanza ilikuwa ya ngumi. Sikuipenda, na bado siipendi michezo ya aina ile, kwa sababu mtu asiyejua kitu akibonyeza vitufe vyote hovyo anaweza kukupiga. Ya pili ilikuwa ya magari. Tuliicheza kwa wiki mbili kwa furaha kubwa, hadi siku kaka alipoweka pedi chini akasema, “Hawa wanatusubiri.” Nikamuuliza akina nani. Akanionyesha: ukichelewa, magari ya mbele yanapunguza mwendo; ukiyaacha mbali, yanakufuata kwa mbio za ajabu. “Ukishinda hapa umeshinda nini?” akauliza. Akaitoa sidii ile, akampa bibi afunikie mtungi wa maji. Ilikaa juu ya mtungi miaka yote, inang’aa.

Ikabaki ya mpira. Ya mpira ndiyo iliyokuwa gemu hasa, bwana. Menyu zake zilikuwa za lugha ambayo hatukuijua hata herufi, tukakariri kwamba cha tatu kutoka juu ndicho mechi ya watu wawili. Tulijiwekea sheria. Wa kwanza kufikisha ushindi mia ndiye bingwa. Mshindi achore mstari wake ukutani kwa msumari uliofungwa kwenye uzi nyuma ya mlango. Kaka kushoto, mimi kulia. Sare haichorwi. Mechi iliyokatwa na umeme haihesabiwi, na siku zile umeme ulikatika mno. Kila alipofunga goli, kaka alikuwa na neno moja: “Kashtaki kwa bibi!” Nilikuwa nalichukia neno lile kufa. Na nilikuwa naenda kweli kushtaki, na bibi, akiwa anapukuchua mahindi au anageuza samaki wa migebuka juu ya jiko la mkaa, ananifukuza na kuniambia nirudi nikamfunge na mimi.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kisukuma aliyehamia huku na familia yake na ng’ombe wao, alikuwa akituletea maziwa ya mgando. Siku moja alisimama mlangoni na kibuyu chake, akatazama kidogo, akauliza, “Mpira huu unachezwa wapi?”

“Hapa hapa, mama,” kaka akamjibu.

“Wanangu, mnanidanganya. Mbona hakuna upepo?”

Kaka alicheka mpaka akakosa pumzi, na kicheko kikageuka kikohozi, na mama yule akashtuka akaweka kibuyu chini. Ndivyo kilivyokuwa kila kitu mwaka ule. Miguu ya kaka ilianza kuvimba. Alilala ameegemea mito mitatu. Na nyumba nzima ikaanza kumtendea kama mgeni: firigisi alipewa yeye, uji wa ulezi ulitiwa sukari kwake tu, wageni walishusha sauti wakipita karibu naye. Kijana aliyekuwa akigombezwa kila siku kwa kuchafua viatu, sasa hakuna aliyemgombeza hata akimwaga chai. Aliichukia hali ile. Kuna jioni aliniambia, macho yakiwa kwenye televisheni, “Wewe tu ndiye umebaki unanichezea kweli. Siku ukiniachia, dogo, nitajua mmeshanikatia tamaa.”

Nikasema simwachii ng’o. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikasema kwa kiburi kabisa.

Na sikumwachia. Nilimfunga akiwa na homa, nilimfunga amerudi kuchomwa sindano, nilimfunga siku ya kuzaliwa kwake. Naye alinifunga zaidi. Ilipofika msimu wa mavuno, baridi kali, alikuwa na tisini na saba na mimi themanini na tatu. Hesabu hiyo siwezi kuisahau hata mniamshe usingizini.

Kisha ikaja habari kwamba kesho yake asubuhi baba na mama watampitia, wampeleke hospitali kubwa Mbeya. Mchana huo bibi aliniita uani. Alikuwa anapepeta maharage, na upepo ulikuwa ukibeba maganda hadi uzioni. Alinisemesha Kifipa, Kiswahili alikitumia sokoni na kwa wageni, ila jambo zito alilisema kwa lugha yake.

“Leo mwachie mwenzio, mjukuu wangu. Aondoke na furaha.”

“Bibi, hataki.”

“Nimesema mwachie.”

Wewe ungejibu nini? Kwetu neno la bibi halikuwa na mjadala, na macho yake yalikuwa mekundu.

Tukaanza. Ilikuwa zamu yangu ya pedi mbovu. Ikawa mbili kwa mbili, dakika za mwisho, na mshambuliaji wangu akabaki peke yake na kipa. Niliomba umeme ukatike. Nakuapia, niliomba kwa moyo wangu wote, mimi niliyekuwa nikiulaani kila siku. Haukukatika. Nikaurudisha mpira nyuma, polepole, kwenye miguu ya mchezaji wake. Akaenda nao, uwanja mzima mtupu, akafunga.

Nilingoja aniambie nikashtaki kwa bibi. Wachezaji wake walikumbatiana kwenye kioo, filimbi ikalia, na yeye bado anatazama.

“Bibi ndiye amekwambia?” akauliza.

“Aniambie nini? Kitufe kimezama.”

Akaichukua pedi mkononi mwangu, akakibonyeza kitufe. Kikazama, kikarudi vizuri. Akanirudishia.

“Sawa,” akasema. Akazungusha waya wa pedi yake taratibu, akaiweka juu ya mashine, akaenda kulala. Jua lilikuwa bado halijazama. Msumari hakuugusa.

Asubuhi bibi alinituma maji bombani, foleni ikawa ndefu. Niliporudi na ndoo kichwani, gari lilikuwa limeshaondoka. Sikumuaga. Wiki ya tatu alirudishwa, na wanaume wanne ndio waliomteremsha. Siku za matanga bibi aliwaambia vijana wasogeze magunia ya mahindi wayapange kwenye ukuta ule wa nyuma ya mlango, na tangu siku hiyo hayakuondoka pale. Yakiliwa haya, yanawekwa mengine. Sijui alifanya hivyo kwa ajili yangu au kwa ajili yake. Hatukuzungumza habari ile hadi naye alipofariki. Sikuwahi kupekua nyuma ya magunia. Ningefuata nini? Nilijua kilichopo.

Ndiyo maana nilikaa kwenye ndoo na kuihesabu mistari, kwa kidole, nikigusa mmoja mmoja. Upande wa kushoto, tisini na saba. Mechi ile hakuichora. Moyo ukaniuma, ingawa nilikuwa nalijua.

Upande wa kulia nikahesabu themanini na nne.

Nikarudia. Nikaanza chini kwenda juu. Fundi aliporudi na kikombe chake nikamwomba anihesabie, nikamwambia mimi macho yangu yamechoka. Akahesabu akitikisa kichwa, akasema, “Themanini na nne, dada. Huu wa mwisho umekwenda kombo kidogo, lakini ni mstari.”

Ulikuwa umekwenda kombo kweli. Mwanzo wake umekita, halafu unapinda na kufifia, kama wa mtu aliyechora amesimama akiwa ameshika ukuta kwa mkono wa pili. Mimi niko bombani. Wao wanamwita garini. Yeye anatafuta msumari nyuma ya mlango.

Mechi ile alinipa mimi, kwa goli nililokataa kulifunga. Miaka yote hii nimeishi nikiamini kwamba nilimharibia mechi yake ya mwisho, kumbe aliirudisha mahali pake kabla hajatoka nje. Sijui kama alikuwa amenisamehe. Labda alikuwa amekasirika tu, akaona haki itendeke. Nililia mbele ya mtu nisiyemjua, na yeye, maskini, akatazama pembeni akajifanya anakoroga saruji.

Mashine ile iliharibika zamani. Televisheni baba mdogo aliiuza kama chuma chakavu. Bibi hayupo, mtungi umepasuka, na hata mtu wa kucheza naye tumekaa bega kwa bega, nikisikia anavyopumua, sina tena. Mwanangu hucheza na watu wa mbali asiowaona. Lakini nikicheza naye simwachii, hata akilia. Mume wangu huniona mkatili.

“Niendelee?” fundi akauliza.

Nikamwambia aendelee, ila aanze kukwangua upande wa kulia, upande wangu; wa kaka uwe wa mwisho.